Papa wa Shangazi Champs-Élysées

Wafaransa wana barabara moja waliyoipa wenyewe cheo cha kuwa nzuri kuliko zote duniani, wala hawakumwuliza mtu. Inaitwa Champs-Élysées. Urefu wake haufiki kilomita mbili, lakini upana ni mita 70, na upana huo ndio uliotaka kunitoa roho. Juu kabisa limesimama lango kubwa la mawe, Arc de Triomphe, ambalo Napoleon aliamuru lijengwe 1806 kwa heshima ya majeshi yake. Likamalizika 1836, mwenyewe keshafia uhamishoni Saint Helena miaka kumi na mitano nyuma. Alikuja kupita chini yake 1840, ndani ya jeneza. Nayasema haya mapema ijulikane kwamba barabara hii ilikuwa na tabia ya kuvuruga mipango ya watu tangu zamani, kabla mimi sijafika na papa.

Papa mwenyewe hakuwa wangu. Mtu wa Mombasa hasafiri na begi lake. Ukishateleza ulimi tu kwamba wiki ijayo uko Ulaya, begi limeshakuwa la ukoo. Ilikuwa Aprili 2023, mwezi wa Ramadhani, nimetumwa na kazi yangu Paris, nami nimejipangia mkoba mwepesi wa kiungwana. Usiku wa kuamkia safari, watu wametoka tarawehe, shangazi huyo mlangoni na furushi.

"Mwanangu, kijifurushi kidogo tu hiki. Kampe ndugu yako. Maskini, kule hapati samaki."

"Shangazi, Paris samaki wapo."

"Wapo, lakini si hawa."

Alikuwa papa ng'onda, kavu kama ubao. Kamfunga kwa magazeti, juu ya magazeti kamfunga kwa leso yake mwenyewe, fundo mbili. Anayemjua papa ng'onda hahitaji kusimuliwa. Asiyemjua, nimwambie hivi: akiwa kwenye baridi hunyamaza, akipata joto huanza kuzungumza.

Ndugu yangu huyo, mtoto wa shangazi, ni mpokea wageni wa zamu ya usiku kwenye hoteli moja iliyo karibu na Avenue George V. Akanipigia kuniambia Jumapili hiyo akitoka zamu anakwenda moja kwa moja kupanda treni ya Lyon, kwa hiyo nimfikie kabla ya saa nne asubuhi. Maelekezo yake yalikuwa mepesi mno. Nipande metro namba 2 kutoka Belleville, nilikofikia kwa rafiki yangu wa tangu madrasa, nishuke Charles de Gaulle–Étoile, niteremke Champs-Élysées, halafu mkono wa kulia nitaiona Avenue George V. Mtoto huyu aliyajua yote yale, hata duka la kona alinitajia. Hakunitajia kwamba asubuhi hiyo ndiyo ya mbio za marathoni za Paris, na kwamba zinaanzia hapo hapo.

Nilipochomoza kutoka chini ya ardhi nilidhani serikali imepinduliwa. Magari hakuna. Ile barabara yote imejaa watu wenye kaptura, maelfu kwa maelfu, wengine wamejivika mifuko ya taka kukinga baridi, wanarukaruka mahali pamoja. Huku na huku uzio wa vyuma. Nami nimetokea upande wa kushoto. Mkono wangu wa kulia upo, na hoteli ipo, ila kati yetu kuna mita 70 za Wazungu wanaojipaka mafuta mapajani.

Hapa sina budi kueleza nguo niliyovaa. Asubuhi za Aprili kule si za kuchezea, na jaketi zito pekee nililokuwa nalo nilinunua mitumba Kongowea: jekundu, mistari ya kijani na nyeusi, na mgongoni na kifuani limeandikwa KENYA kwa herufi ambazo hata rubani angezisoma. Na mwili wangu mimi ni mwembamba. Ni wembamba wa ukoo tu, hauna mazoezi ndani yake. Wakenya wanaokimbia wanatoka Bonde la Ufa, Iten na Eldoret huko, kwenye miinuko ambako hewa yenyewe ni haba. Sisi wa Pwani ukimwona mtu anakimbia Mji wa Kale, na wewe kimbia, kuna jambo.

Nikasimama nimeshika uzio, natazama ng'ambo kwa huzuni. Mama mmoja wa makamo aliyevaa kizibao cha wafanyakazi wa kujitolea akaniona. Akasoma kifua changu. Akaitazama miguu yangu. Akatazama saa yake. Akajishika kichwa kwa mikono miwili.

Baadaye ndipo nilipofahamu kilichokuwa kikipita kichwani mwake. Wakimbiaji wakubwa, wale wa kushindania ushindi, huachiwa mwanzo, kisha umma unafuata kwa mafungu. Wale wakubwa walikuwa wameshaondoka, Wakenya wakiwa miongoni mwao. Na Paris jina la Kenya kwenye mbio hizi si la mchezo: rekodi ya wanaume ya njia hii iliwekwa 2021 na Elisha Rotich, saa mbili, dakika nne na sekunde 21. Sasa mama wa watu anamwona Mkenya mzima, jaketi la taifa mwilini, kasimama nje ya uzio anaangaza macho kama yatima. Kwa hesabu yake, bingwa kapotea njia na wenziwe wamemwacha.

Akafungua uzio. Nikamshukuru kwa Kifaransa changu chote, ambacho ni neno moja. Nilidhani ananivusha. Badala yake akanikamata mkono, akanivuta kuteremka na barabara, tunapenya katikati ya watu, yeye mbele anapiga kelele "Kenya! Kenya!" na umati unatupisha. Walikuwa wakipiga makofi. Kijana mmoja alinigusa bega kisha akaubusu mkono wake mwenyewe. Nilitaka kusimama nieleze, lakini ueleze nini, kwa lugha gani, kwa mwanamke anayekuburura?

Tulipofika mbele kabisa, kwenye kamba, akageuka akaanza kunigongagonga kifuani. Nikaona ni salamu. Nikaweka mkono moyoni, nikainama kidogo kama tujibuvyo salamu kwetu. Akagonga tena. Nikainama zaidi. Mwishoe akaonyesha kidole begi langu la mgongoni, akiuliza. Nikaitikia kwa kichwa: naam, mzigo umo humo. Uso ukamkunjuka. Alikuwa akiuliza namba yangu ya mashindano, nami nimemthibitishia kwamba imo begini. Akanikumbatia, akaniachia ndizi, akarudi kazini kwake.

Ndizi nikampa jirani. Nimefunga. Jirani mwenyewe, bwana mmoja mwenye masharubu meupe, akaipokea kwa mikono miwili, macho yamemtoka, akawaambia wenziwe jambo. Nikasikia "Kenya" na nikaona wanatikisa vichwa. Kumbe sisi hatuli kabla ya mbio. Nilimwona mmoja akiitia ndizi yake mfukoni.

Yule mwenye masharubu alijua Kiingereza kidogo. Akaniuliza kwa adabu leo nakusudia muda gani.

Mimi akili yangu yote iko kwa mtoto wa shangazi na treni yake. "Kabla ya saa nne," nikamjibu. "Inshallah."

Akatazama saa. Ilikuwa inakaribia saa tatu kasorobo. Mbio ni kilomita 42 na ushei. Akapiga hesabu, nikaona midomo inahesabu, halafu akajipiga ishara ya msalaba.

Nikajaribu kutoka. Wallahi nilijaribu. Nikasogea upande wa kulia hadi kwenye uzio, kijana wa kizibao akanirudisha kwa heshima zote, akinionyesha kwa mkono kwamba njia ni ile kule, chini. Nikamwonyesha kwamba nataka kule, ng'ambo. Akacheka, akanipigapiga mgongo. Na hapo mlio ukalia.

Kuna jambo mtu haambiwi kuhusu Champs-Élysées: ni mteremko. Kwenye picha inaonekana tambarare kama meza, lakini kutoka lile lango la Napoleon hadi uwanja wa Concorde yote inashuka, tena imetandikwa vijiwe vya mraba vinavyokupangusa nyayo. Nyuma yangu kuna maelfu ya watu waliofanya mazoezi mwaka mzima na hawana nia ya kusimama kwa ajili ya mtu. Nilikuwa na chaguo la kukimbia au la kuzikwa. Nikakimbia. Viatu vyangu vilikuwa vya ngozi, vya kazini, na kila hatua vinalia ko, ko, ko kama farasi wa kukokota gari.

Pembeni watu wameshika kengele na vibao, wakiniona tu kelele zinapanda. "Allez Kenya!" Watoto wananinyooshea mikono niipige. Nikaipiga, sikuona sababu ya kuwavunja moyo. Avenue George V ikanipita mkono wa kulia. Nikaiona kwa macho yangu, na kibao chake cha bluu, nikaipungia kama mtu anayepitishwa kituo na matatu yenye dereva kiziwi.

Nilipogeuka nikakuta nina wafuasi. Yule wa masharubu na wenziwe kumi hivi wameganda nyuma yangu. Nikipunguza mwendo, wanapunguza. Nikihamia kulia nitafute mwanya kwenye uzio, kundi zima linahamia kulia, kila mtu amekaza uso, akidhani kuna siri ya upepo. Nikahamia kushoto, kushoto sote. Nikaamua kutembea, liwalo na liwe. Wakatembea! Wengine wakitupita kwa kasi, hawa wamekaa nyuma yangu, wanatembea kwa nidhamu, wanaaminiana.

Basi papa naye akapata joto.

Mgongo wangu umelowa, begi limebana mgongo, na yule samaki aliyekuwa kimya tangu Mombasa akafungua kinywa. Nyuma yangu nikasikia kukohoa. Kundi likarudi hatua mbili tatu. Masharubu peke yake akasogea, akavuta pumzi kwa pua, akafikiri, akaniuliza ni dawa gani hiyo tunayojichua misuli. Nikamwambia inatoka baharini. Akasema alijua.

Kwenye mzunguko wa Rond-Point maduka yanaisha, barabara inaingia kwenye miti na bustani. Mbele ya Grand Palais kuna sanamu ya de Gaulle, hatua moja mbele, ukumbusho wa siku ile ya Agosti 1944 aliposhuka barabara hii Paris ilipokombolewa. Nilimtazama kwa wivu. De Gaulle alishuka kwa kutembea, na hakuna aliyethubutu kumhimiza.

Nilipofika Concorde pumzi zilikuwa zimebaki za kutolea shahada. Katikati ya uwanja ule kuna mnara wa jiwe moja uliotoka Luxor, Misri, umri wake zaidi ya miaka 3,000, na uwanja huo huo ndipo alipokatwa kichwa mfalme Louis wa 16 mwaka 1793. Mahali panapofaa. Nikakumbatia uzio, magoti yamekataa. Wafuasi wangu wakasimama kunizunguka. Nikawaashiria waende, waende, na wakaenda kwa majonzi, mmoja akifuta macho. Masharubu ndiye aliyekawia. Alinishika mkono wangu kwa mikono miwili kama anayempa mtu pole ya msiba.

Watu wa huduma ya kwanza wakaniokota. Wakanivika karatasi la kung'aa kama samaki wa kuoka, wakaniwekea sukari na maji. Nikakataa maji. Wakaleta machungwa. Nikakataa. Wakaitana. Akaja kijana mmoja ambaye wazazi wake ni watu wa Algeria, akaniinamia.

"Ramadhani," nikamwambia.

Akanitazama. Akatazama barabara iliyojaa watu. Akanitazama tena. "Unakimbia marathoni umefunga?"

Kwa Kiarabu cha chuoni na Kiingereza cha kuokoteza nikamsimulia yote: shangazi, treni, mama wa kizibao. Alipotaka ushahidi nikafungua zipu ya begi kidogo. Alikaa chini. Alicheka mpaka mwenzake akaja kumpima yeye. Alipopata sauti akaniuliza hali ya swaumu yangu, nikamwambia ipo, ila pale kwenye bustani ilining'inia kwa uzi. Akaniweka nipumzike kitambo kizuri, kisha akanionyesha njia: nisithubutu kurudi juu, nishuke mtoni, niufuate Seine mpaka daraja la Alma, Avenue George V inaanzia hapo kupanda. Sitavuka chochote.

Nikaufuata mto kwa mwendo wa mzee wa mji. Kumbe mbio zile huzunguka mashariki yote ya Paris kisha hurudi kwa njia ya ukingo huo huo wa Seine. Karibu na Alma nikasikia pikipiki na kelele, na mara wakapita wale wenyewe, kundi dogo la mabingwa. Hawakimbii kama sisi. Miguu haionekani ikigusa chini. Nimewaona kwenye televisheni miaka yote, sikuwa nimewahi kusikia upepo wao.

Hatua chache mbele, mmoja wao alikuwa kasimama pembeni, fulana ya kukata mikono na kaptura, meno yanagongana kwa baridi. Ni wale wanaolipwa kuongoza kasi mpaka mahali fulani, kisha hutoka njiani wakawaachia wenzao. Alisubiri gari lake. Akaliona jaketi langu, uso ukachangamka.

"Sema, bro! Umetokea kilomita ya ngapi?"

"Ya pili."

"Ya ishirini na mbili?"

"Ya pili tu. Nayo sikuimaliza."

Akanionea huruma. "Pole sana. Ni msuli?"

"Ni papa."

Hakuelewa, nami sikuwa na nguvu. Nilimwona anatetemeka nikaingiwa na haya, mimi nimevaa jaketi la taifa na mwenye taifa lake yuko uchi. Jaketi lenyewe lakini sikuweza kulivua, ndani nina shati limelowa. Nikafungua begi, nikafungua fundo mbili za shangazi, papa akabaki na magazeti yake, leso nikamtandika yule bwana mabegani.

Akajifunga vizuri. Kisha akanusa.

"Bro, hii inanuka nini?"

"Pwani."

Akaivuta ncha ili asome maandishi. Imeandikwa MWENDA POLE HAJIKWAI. Akasoma mara mbili, mtu aliyetoka kukimbia saa nzima na nusu kwa kasi ya baiskeli, akaniinulia macho.

"Hii ni mimi natukanwa?"

"Ni ya shangazi yangu."

"Mwambie shangazi asante." Gari likaja, akaingia na leso yake, wenziwe ndani wakafungua madirisha yote. Aliniambia kwao ni Iten.

Mtoto wa shangazi nilimkuta mlango wa wafanyakazi, suti nyeusi, anatazama saa. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa, aliniuliza kwa nini natembea kama bata. Akapokea magazeti yake, akanusa, akanishukuru kama mtu aliyelelewa. Tulipokuwa tunaagana ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba Château Rouge, vituo vichache kutoka kwake, papa kavu wanauzwa wamepangwa mezani. Alinunua wiki iliyopita.

"Na mama yako hujamwambia?"

"Nimwambie, kisha atume nini?"

Jua la Paris mwezi huo huzama saa mbili na ushei usiku. Mombasa wameshafuturu, wameshaswali, wako kwenye kahawa ya pili, mimi bado nimelala chali Belleville nayatazama mapaja yangu. Rafiki yangu alikuwa akikaanga sambusa na kucheka, akikaanga na kucheka. Ndipo WhatsApp ikalia. Shangazi.

"Mwanangu, mzigo umefika, ndugu yako kanambia. Mungu akubariki. Na leso yangu?"

"Leso... Shangazi, leso nimempa mtu. Alikuwa na baridi."

"Mtu gani?"

"Mkimbiaji. Wa Iten."

Kimya. Nikajua naulizwa na mtu aliyeweka mkono kiunoni. "Ile ni doti, mwanangu. Nyingine ninayo hapa kabatini. Sasa ntavaa nusu?"

"Ntakununulia doti mpya, shangazi."

"Sitaki mpya. Wewe warudi lini?"

"Alhamisi."

"Basi Jumamosi wapanda basi wenda hiko Iten, wamtafuta kijana, waniletea leso yangu. Na usende mikono mitupu, si adabu. Ntakufungia papa. Maskini, watu wa bara hawapati samaki."